Kilima cha Pili

Pale maabara wananiita Gundi. Walioanza kuniita hivyo walitaka kunicheka, lakini jina limeninasa na mimi nimelikubali, maana ndiyo kazi yangu: nabandika. Nachukua kidude cha kupimia nguvu, kidogo kuliko punje ya mchele, tunakiita kihisi, nakibandika kwenye gamba la konokono, halafu konokono yule nampeleka kwa kamba vunjajungu apigwe ngumi. Kihisi kikilegea kidogo tu, namba zote zinazotoka ni takataka. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna kihisi changu hata kimoja kilicholegea. Mnisamehe, mimi nina kiburi na kazi yangu, na mtaona jinsi kiburi hicho kilivyoniponza.

Kama hujawahi kumwona kamba vunjajungu, mtoe akilini yule kamba wa kukaanga. Huyu ana urefu wa kiganja, macho yake yamekaa juu ya vijiti na kila moja linazunguka kivyake, na chini ya kidevu amekunja mikono miwili kama vunjajungu yule wa kwenye majani. Mwisho wa kila mkono ana kirungu. Akimwona konokono hana haraka. Anakaza msuli taratibu, mkono ukiwa umeshikwa na kikomeo kidogo cha ndani, nguvu inajaa, inajaa, halafu kikomeo kinafyatuka. Ni mtego wa panya, basi. Ila mtego huu ukifyatuka huoni kitu. Unaona konokono mzima, halafu unaona konokono aliyepasuka, na katikati hapo jicho lako limeachwa. Muda wa kupepesa jicho mara moja unamtosha kupiga ngumi hamsini. Tuna kamera inayopiga maelfu ya picha kwa sekunde, na hata kwenye picha zake ngumi hutokea kama ukungu tu.

Kihisi ndicho kinachotuambia ukweli. Kila ngumi inachora mstari kwenye kompyuta: mstari unalala, unapanda ghafla, unashuka. Kupanda na kushuka huko tunakuita kilima. Na ukikaza macho, pembeni ya kilima kile, utaona kingine kidogo. Gawa sekunde moja vipande elfu. Kutoka kilima cha kwanza mpaka cha pili ni nusu ya kipande kimoja.

Mwaka wangu wa kwanza, nilipokiona kilima cha pili, nilishtuka. Nilijua ni nini. Ni gundi yangu, nikajiambia, kihisi kinatikisika baada ya kupigwa. Mkuu wa maabara alikuwa mtu mwenye vyeo vitatu mbele ya jina lake, na alikuwa amenichukua mimi, mtu wa kutengeneza redio mbovu, nisiye na shahada hata ya kuazima. Nikaona kabisa atakachoambiwa na wenzake: yule fundi wako hajui kubandika. Basi nikakifuta. Mle kwenye kompyuta kuna kitufe cha kusafishia: unazungushia mahali, unabonyeza, mstari unanyooka. Kesho yake nikabandika kwa gundi nyingine. Kilima cha pili kikarudi. Nikafuta. Nikajaribu gundi ya meno, nikajaribu ile ya kuunganishia vioo, nikapaka nyembamba, nikapaka nzito, wapi. Ikawa ndiyo desturi yangu: asubuhi napima, mchana nasafisha, na mchoro mbichi naufuta kabisa ili diski isijae. Mkuu anapata kilima kimoja, safi kama shati la harusi. Alikuwa akiwaambia wageni kwamba hajaona popote michoro safi kama ya Gundi. Na mimi nimesimama pale nyuma ya tangi, kichwa kimevimba.

Sasa mpwa wangu. Ni mtoto wa dada yangu mkubwa, dada aliyenilea mimi tangu nina miaka sita, na nyumbani tunamwita Chiriku kwa sababu alianza kusema kabla hajatembea na hajanyamaza tangu hapo. Alipokuja kusomea shahada ya uzamili akaangukia maabara yetu. Niliwatangazia wote kwamba sina mpwa hapa, nina mwanafunzi. Nilimfundisha kubandika mwenyewe, nikamkaripia mbele za watu kuliko wengine wote, ili pasiwe na mtu wa kusema mjomba anambeba. Mkono wake ukawa mzuri kuliko wangu. Hilo nalisema kwa shida.

Siku moja akanijia mbio na karatasi mkononi. "Mjomba, kuna pigo la pili."

"Ni kelele hizo. Safisha."

"Sijasafisha. Mbona kelele zije saa ile ile kila mara?"

Hakusafisha hata mchoro mmoja. Mwaka na nusu alipima, akaandika tasnifu yake nzima juu ya kilima kile. Maelezo yake hata dada yangu, ambaye ni mshonaji, aliyaelewa: ngumi inakwenda kasi mno, maji hayawahi kuifuata, kwa hiyo nyuma yake inabaki nafasi tupu, kipovu. Maji yanaporudi kuifunga nafasi ile yanagongana kwa nguvu za kutisha, mpaka cheche ya mwanga inatoka. Kwa hiyo konokono anapigwa mara mbili. Anapigwa na kamba, halafu anapigwa na maji yenyewe.

Miezi saba kabla ya rufaa nitakayoisimulia, jopo la watahini lilikutana. Upande mmoja wa meza kulikuwa na michoro ya Chiriku, vilima viwili viwili. Upande wa pili kulikuwa na kitabu alichokiandika Mkuu kwa vipimo vyangu, michoro mia tatu na zaidi, na kila mmoja una kilima kimoja. Wakaniita mimi mtunza vifaa, wakaniuliza kilima cha pili ni kitu gani.

Nikasema, "Ni mwangwi wa kioo cha tangi."

Wakamwangusha. Chiriku akakusanya makaratasi yake, akaomba ruhusa ya kutoka, akarudi kwa mama yake.

Jioni ya siku ya pili dada alikuja kwangu. Hakukaa. Alisimama mlangoni na mkoba wake begani akaniuliza, "Ulimwangalia mtoto wangu usoni wakati unasema vile?" Hakungoja jibu, akageuka. Tangu hapo simu yangu hapokei.

Chiriku yeye hakubadilika, na hilo ndilo lililokuwa likinikosesha raha. Kila Jumapili ujumbe uko palepale: Shikamoo mjomba, umeamkaje, kifua kimepona? Nilidhani ni adabu tu aliyolelewa nayo. Namjibu kwa neno moja naificha simu.

Nataka sasa niliseme lile lililonikaa kooni, maana nikiendelea kupiga chenga hamtanielewa.

Mwaka wangu wa pili pale, kamba mmoja alikosa. Nilikuwa nimemshikilia konokono kwa koleo, koleo likateleza, ngumi ikapita mbele ya gamba pasipo kuligusa. Kamera ilionyesha wazi, nafasi ya nusu kidole ilibaki. Nikaenda kutazama mchoro, nikitegemea mstari uliolala. Kilima cha kwanza hakikuwepo, na hapakuwa na sababu ya kuwepo. Kilima cha pili kilikuwepo.

Nilikaa kwenye kiti. Mwangwi wa nini, ikiwa hakuna kilichogongwa? Na gundi gani inatikisika wakati hakuna aliyeigusa? Mtu mwingine angeruka kwa furaha: haikuwa gundi yangu, haijawahi kuwa gundi yangu. Mimi niliogopa. Michoro ya miaka miwili nilikuwa nimeshaisafisha na mibichi yake haipo, na Mkuu alikuwa ameshaipeleka kitabuni. Nikisema leo, nitaulizwa jana nilikuwa wapi. Basi nikazungushia, nikabonyeza, mstari ukalala.

Baada ya hapo kila kamba alipokosa nilifuta haraka, kama mtu anayefunika chungu jirani asichungulie. Nadhani ilifika mara kumi na nne. Kwa hiyo siku ile mbele ya jopo, niliposema mwangwi, sikuwa nimekosea. Nilikuwa najua.

Barua ya rufaa ilikuja mwezi uliopita. Jopo jipya, Alhamisi, saa nne asubuhi, na shahidi ni mimi tena. Jumapili iliyotangulia Chiriku akaniandikia: Shikamoo mjomba. Alhamisi nakuja. Usiwe na wasiwasi kwa ajili yangu, sema tu unachokijua. Niliusoma ujumbe ule nimesimama jikoni nikaona aibu, aibu ya mtoto mdogo aliyekutwa na kitu mkononi. Siku nzima sikumjibu.

Jumanne asubuhi nilikuwa na jike kubwa kwenye tangi la tatu. Alikuwa amejivua gamba siku chache nyuma, na kamba akishajivua ngumi zake mpya bado hajazizoea. Nikampelekea konokono. Akatoka shimoni, akapima, akafyatua. Akakosa, upana wa kucha. Mchoro ukatokea kwenye kompyuta: mstari umelala, umelala, halafu kilima kimoja kidogo mahali pake pa siku zote.

Kidole kilikwenda chenyewe kwenye kitufe, sikukituma. Mazoea ni kitu kibaya sana. Nilikiangalia kidole kile nikakichukia. Nikaondoa mkono, nikauchapisha mchoro ule, mbichi vilevile, na picha za kamera pembeni yake, nikaweka kwenye bahasha.

Alhamisi, kwenye ukumbi mdogo wa nje ya chumba cha mkutano, dada yangu alikuwa amekaa kwenye benchi la mbao, viatu vyake vya kutokea, mkoba magotini. Wazazi hawaruhusiwi kuingia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," akasema, macho hakuyainua.

Ndani kulikuwa na meza ndefu, jagi la maji na feni inayolalamika. Mwenyekiti alikuwa mama mtu mzima kutoka idara nyingine, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na sauti yake ilikuwa ya chini mpaka mtu unalazimika kuacha kujikohoza. Mkuu alikaa kulia kwake. Chiriku alikuwa upande wa pili na jalada lake. Amekonda. Aliponiona nikiingia alinikaribisha kwa kichwa, kama anayempa moyo mgonjwa.

Nikatoa bahasha. Nikaeleza kilichotokea Jumanne: kamba amekosa, gamba halikuguswa, na kilima cha pili kipo. Mwenyekiti alivaa miwani, akaangalia mchoro, akaangalia picha, akarudi kwenye mchoro.

"Kwa hiyo haiwezi kuwa mwangwi," akasema.

"Haiwezi, mama."

Chiriku alishusha pumzi, nikaisikia kutoka nilipokuwa nimesimama.

Mkuu akaomba kusema. Ni mtu mwenye busara ya vikao, hajawahi kugombana na mtu hadharani. "Mwenyekiti, tumshukuru fundi wetu. Ameona jambo jipya juzi, na leo amelileta mezani bila kuficha. Huo ni uaminifu. Lakini mara moja si kitu. Kwenye kitabu kuna michoro mia tatu, na hapa tuna mmoja. Nashauri mwanafunzi asifukuzwe, apewe miaka miwili arudie vipimo vyote upya."

Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali, wamelipenda. Mwenyekiti naye akaandika kitu. Miaka miwili. Chiriku alikuwa ameshapoteza miezi saba, na nafasi yake ya kuendelea na masomo nchi nyingine ilikuwa inafungwa mwisho wa mwezi. Hilo nililijua kwa sababu aliniambia mwenyewe kwenye ujumbe mmoja wa Jumapili, kwa maneno mepesi, kama mtu anayezungumzia mvua.

"Fundi," mwenyekiti akasema, "kabla hatujaamua. Hii ni mara yako ya kwanza kuliona jambo hili?"

Hapo nilipewa mlango wa kutokea, tena umefunguliwa na mkono wa Mkuu. Neno moja tu, ndiyo, na ninabaki fundi mwaminifu, kazi yangu ninayo, matangi yangu ninayo, na Chiriku atajikaza miaka miwili, bado kijana. Nilimwangalia. Safari hii nilimwangalia usoni. Akanitingishia kichwa tena, taratibu: sema tu, mjomba.

"Hapana," nikasema. "Si mara ya kwanza."

Nikaendelea kwa sababu nilijua nikinyamaza sitaanza tena. Nikawaambia juu ya gundi, na kitufe cha kusafishia, na michoro mibichi niliyoifuta. Nikawaambia kilima cha pili nimekiona karibu kila siku niliyofanya kazi pale. Nikawaambia kamba aliyekosa mwaka wa pili, na wengine wote waliokosa baada yake. Maneno sikuyapamba.

"Yote uliyonipa uliisafisha?" Mkuu akauliza.

"Yote, Mkuu."

"Hata iliyo kitabuni?"

"Ya kitabuni ndiyo niliyoisafisha kuliko yote."

Alikifunga kitabu chake kilichokuwa wazi mezani na kuweka viganja vyote viwili juu ya jalada. Nilimhurumia kwa kweli. Miaka kumi na mmoja mtu yule alikuwa ananisifu.

Mwenyekiti akanigeukia. "Unaelewa hatuwezi kukurudisha kwenye maabara ile?"

"Naelewa, mama."

"Basi michoro ya huyu binti ndiyo pekee tuliyo nayo ambayo haijaguswa," akawaambia wenzake, na akaniambia niketi.

Mimi nilikuwa namwangalia Chiriku. Nilitegemea nini, sijui, pengine atabasamu. Alikuwa ameacha kutingisha kichwa. Alikuwa ameinamia jalada lake, kalamu mkononi, haandiki, na midomo yake ilikuwa inakwenda kidogo kidogo kama mtu anayehesabu miaka.

Walitupeleka kungoja kwenye chumba cha ndani, wakatuita baada ya saa nzima. Tasnifu imekubaliwa kama ilivyo. Barua yake itatumwa nchi ile kabla ya mwisho wa mwezi. Kuhusu mimi nitaarifiwa, ingawa hakukuwa na cha kuarifiwa. Chiriku alisema asante kwa wote, mmoja mmoja, kwa sauti kavu, akachukua karatasi yake. Mimi nilitoka nyuma yake.

Dada alisimama kabla mlango haujafungwa. Akamsoma mwanawe usoni, hakupata kitu, akamnyang'anya karatasi akaisoma hiyo. Akaketi. Akasimama tena. Halafu, kitu ambacho sikukitazamia, akanijia mimi, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, ile yenye alama za sindano.

"Umesema nini huko ndani?"

"Nimesema alikuwa sahihi, dada."

"Mdogo wangu," akasema. "Nisamehe. Miezi saba nyumbani kwangu hakukaliki. Huyu mtoto ananiambia, mama, mjomba hakujua, amekosea tu, binadamu hukosea, mpigie simu. Mimi namwambia anajua, yule namjua mimi nimemlea, nilipomfuata mlangoni kwake macho yake yalikuwa yanakwepa. Tumegombana mpaka ametoka mezani hajala, kwa ajili yako. Nimekuwazia vibaya, damu yangu mwenyewe. Nisamehe."

Chiriku alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake. Alisikia kila neno. Alikuwa anaangalia vigae vya sakafu, na angeweza kusema, maana ndani ya chumba kile aliisikia habari ya mwaka wa pili kwa masikio yake. Yule aliyesema kabla hajatembea alinyamaza kimya. Nikaelewa kwamba ananiachia mimi.

Mikono ya dada ilikuwa ya moto. Nikafikiria kusema haidhuru, dada, yamepita. Ningeweza kabisa.

"Nilikuwa najua," nikasema. "Siku ile, mbele yao. Ulinijua vizuri, dada. Nilikuwa najua."

Hakuelewa mara moja. Aligeuka kumtazama binti yake apate kukanusha, kama alivyokanusha miezi yote saba. Chiriku hakukanusha. Alikuja akachukua mkoba wa mama yake kwenye benchi, akamshika kiwiko.

"Twende, mama."

Mikono ya dada iliniacha polepole, mmoja baada ya mwingine. Wakaenda mpaka kwenye ngazi, wakaanza kushuka, hatua moja moja, kwa sababu dada goti lake la kushoto limeharibika siku nyingi na upande ule hauna cha kushikia. Siku zote mimi ndiye niliyekuwa namshika upande ule. Nilitaka kuwafuata, na sikuthubutu.